Sahani Aliyoivunja Auleria

Watu wa Temeke wakimtaja Auleria husema, "Yule Mhaya aliyevunja sahani ya kanisa." Basi, wanakomea hapo. Utadhani mtu alizaliwa, akavunja sahani, akafa. Hunichemka damu! Auleria amekaa nyumbani kwangu miaka na miaka, chumba cha uani, na nikisikia mtu anamsimulia nusunusu humwambia hebu nyamaza, kaa kitako, nikwambie mie niliyekuwapo.

Mie ni Chausiku binti Mwinshehe, Mzaramo wa hapahapa, Mwislamu, na sijawahi kutafuta kitu kanisani kwao. Yaliyonikuta yalinifuata barazani kwangu.

Alikuja zama za Mwingereza, vita vikubwa vimekwisha, Temeke bado minazi na mashamba ya mihogo, na barabara ya Kilwa vumbi tupu. Alikuja na kisanduku cha bati na mikono yake miwili. Kazi yake ilikuwa kushona magodoro ya sufi. Utamkuta uani amekaa, sufi imemganda nywele na kope, anapiga chafya, anacheka, anaimba. Bukoba alikuwa na mume, Revelian, mtu wa ngumi. Hakuficha. Ukimwuliza, "Shoga, mumeo yuko wapi?" anakujibu, "Nimemwacha kwao na ngumi zake."

Sasa nyie vijana hamjui. Siku hizo mwanamke wa Bukoba akija mjini peke yake, watu walishampa kazi ya kuuza mwili kabla hajatua mzigo. Hata ashone magodoro mchana kutwa mbele ya macho yao, haisaidii. Wanaume walikuwa wakipita ukutani wanakohoakohoa. Mmoja nilimmwagia maji niliyooshea dagaa, na kikohozi chake kikapona papo hapo.

Kwao nako habari ilifika hivyohivyo. Revelian alimwendea mama yake Auleria, bibi aitwaye Kokuberwa, akamwambia binti yako anajiuza Dar es Salaam, mhesabu amekufa. Bibi wa watu hajui kusoma. Barua za Auleria zikifika, wanaomsomea ni ndugu za Revelian, nao wanasoma wanachotaka wao. Auleria aliyajua yote hayo kwa watu waliotoka huko. Siku aliyoambiwa hakuimba, alishona tu, akachoma kidole, akaendelea kushona.

Kanisani kwao, kile kibanda cha mabati kilichokuwa nyuma ya kisima, alikuwa yeye ndiye mwanzishaji wa nyimbo. Kwaya yao ilikuwa hivi: mmoja anaanzisha, wote wanaitikia. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo bila wa kuanzisha hakuna wimbo. Na kulikuwa na wimbo mmoja alioutunga mwenyewe uani kwangu, na sindano ya godoro mkononi. Anaanzisha, "Nimefika mtoni, daraja halipo." Wenzake wanaitikia, "Shika mkono wangu, ee, tuvuke." Mie na dini yangu nilikuwa nikiusikia mwili unanisisimka.

Sifa zikavuma. Akaja wakala wa kampuni ya sahani za santuri, mwenye duka mjini, akasema kwaya hii nitaitia kwenye sahani. Wakaitwa ghalani kwake. Kufika, ghala linavuma, ukisema neno linakurudia. Wakala akashika kichwa. Auleria akasema magodoro yangu yatafaa, na kweli, tukayabeba kwa mkokoteni kutoka Temeke, tukayatundika ukutani pande zote, mvumo ukakoma. Ndivyo nilivyokuwapo mie. Nilikwenda kama mbeba magodoro.

Wakaimba mara ya kwanza, Auleria anaanzisha. Loo! Walipomaliza, kabla mashine haijazimwa, mie nikapiga kigelegele. Kilinitoka chenyewe, na kingenitoka tena leo. Wakala alicheka. Mzee Kornelio hakucheka.

Huyu Kornelio alikuwa mzee wa kanisa na karani wa forodha, suruali yake ya kaki imepigwa pasi mpaka ingekukata kidole. Akasema turudie, na safari hii naanzisha mimi. Mwalimu wa kwaya, Projestus, naye mtu wa Bukoba, mpole mpaka anakera, akainamisha kichwa. Wakarudia. Kornelio akaanzisha, Auleria akasimama nyuma na wanaoitikia.

Miezi ikapita. Sahani zikaenda Ulaya kwa meli, zikarudi mbili: za majaribio, karatasi ya katikati nyeupe, haijaandikwa jina. Moja ameanzisha Auleria, nyingine Kornelio. Wakala akampa maagizo Mwalimu Projestus: zisikilizeni kwa makini, mnayoitaka nirudishieni, ndiyo itakayochapwa kwa wingi na kuuzwa nchi nzima. Msiyoitaka ivunjeni hukohuko, zisije zikachanganyika. Na nirudishieni kesho kabla ya jua kuzama, meli inaondoka.

Haya, gramafoni iko wapi? Kanisani hakuna. Kwa Kornelio hakuna. Temeke yote upande ule gramafoni ilikuwa moja, ya mume wangu Hija, kuli wa bandarini, aliyeipenda mashine ile kuliko alivyonipenda mie, na hakuona aibu kusema. Basi kesho yake watu wa kanisa ikabidi waje barazani kwa Waislamu kusikiliza nyimbo za Yesu. Nikawatandikia mkeka, nikawapikia kahawa. Kornelio alikaa ukingoni kama mtu anayeogopa kuchafuka.

Auleria alikuja kutoka uani na sufi yake kichwani, akakaa karibu na mlango. Asubuhi ile alikuwa ameniambia, "Dada Chausiku, kule Bukoba, sokoni karibu na kwetu, kuna fundi cherehani ana gramafoni. Inalia kutwa. Mama anapita pale kila siku ya soko. Barua wanaweza kumdanganya. Sauti yangu watamdanganyaje?" Hakuwa akitaka kingine. Hakutaka hata jina lake liandikwe. Alitaka mama yake apite sokoni, amsikie mwanawe yu hai na anamwimbia Mungu.

Hija akatia ufunguo, akaweka sindano mpya, maana sindano iliyochoka inaikwangua sahani. Ikaanza ya Auleria.

Nikwambie nini? Hakuna aliyekohoa. Kikombe cha Mwalimu Projestus kilibaki hewani nusu ya njia. Auleria mwenyewe aliweka mkono mdomoni, hajawahi kujisikia maishani mwake. Ikafika mwisho, na kigelegele changu nikakisikia kinatoka mle ndani, nikafurahi kama mtoto.

"Irudiwe," akasema Kornelio.

Hija akabadili sindano, ikarudiwa. Kornelio amefumba macho.

"Mara nyingine."

Mie nikashindwa. "Mzee Kornelio, unatafuta kosa au unastarehe?"

 Ikapigwa tena. Kisha ikawekwa ya pili, ya kwake. Tusimwonee, sauti yake haikuwa mbaya. Lakini aliimba kama anasoma orodha ya mizigo forodhani. Na wale waitikiaji walikuwa wakichelewa, kila mara wanachelewa kidogo, kwa sababu walizoea kumsubiri mtu mwingine. Kila aliyekuwa barazani alisikia. Hata paka wangu alisikia.

Kornelio akakohoa. "Ya kwanza haifai. Mwisho pale pana makelele ya ngomani."

"Ala! Makelele ya ngomani ndiyo mie!" nikasema. "Kwetu mtu akifanya uzuri, ukimnyamazia umemtukana."

"Bi Chausiku, hili ni jambo la kanisa."

"Na baraza ni la nani? Na gramafoni ya nani? Na hiyo kahawa unayokunywa imepikwa kanisani?"

"Dada, ngoja," akasema Auleria. Alisema taratibu, lakini nilimjua, mishipa ya shingo ilikuwa imesimama. "Mzee, kigelegele kiko mwisho, wimbo umekwisha. Hakijaharibu neno hata moja. Sema la moyoni."

Kornelio akaweka kikombe chini. "La moyoni nitalisema. Sahani hii itafika Tabora, itafika Moshi, itafika kwenu Bukoba. Watu watauliza, nani huyu anayetangulia? Tutajibuje? Mwanamke aliyemkimbia mume wake, amekuja mjini, anakaa peke yake? Watasema kanisa la Temeke limekosa wanaume. Na sauti yenyewe, nisamehe, haina upole wa kanisani. Ni sauti ya mjini."

Sote tulijua amesema nini. Hija, ambaye hakuwa mtu wa kuingilia, alizima gramafoni kwa kishindo. Mie nilikwisha kuinuka, na nakwambia kweli, jagi la kahawa lilikuwa mkononi. Auleria akanishika kanga.

"Mwalimu Projestus," akasema, "na wewe waonaje?"

Projestus akatazama vidole vyake vya miguu. "Mimi... wazee wakishaamua..."

"Haya. Wakala amesema inayokataliwa ivunjwe?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi naomba niivunje mwenyewe, kwa mkono wangu."

Uso wa Kornelio ukakunjuka. Akaichukua sahani ya Auleria, akampa kwa mikono miwili kama anampa zawadi. "Vizuri, binti yangu. Huo ndio unyenyekevu Mungu anaoupenda."

Wallahi nilimchukia siku ile, Mungu anisamehe. Na Auleria nilimkasirikia pia. Nikasema moyoni, mwenzangu, kweli umekubali? Yule mama wa sokoni umemsahau?

Auleria akaipokea ile sahani. Akaifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akailaza mkekani taratibu, jinsi unavyomlaza mtoto. Akainuka. Akaenda kwenye gramafoni, ambako ile ya Kornelio ilikuwa bado imekaa, akainyanyua. Akaishika juu watu wote waione.

"Hii ndiyo iliyokataliwa," akasema. "Nimeikataa mimi niliyetunga wimbo."

Akaipiga kwenye kizingiti. Paa! Vipande vikaruka mpaka kwenye majivu ya meko yangu.

Yallah! Kornelio alisimama, akakaa, akasimama tena. Ulimi ulipomrudia akaanza kufoka, umeiba mali ya kanisa, umeiba haki ya wazee, wewe mwanamke wewe! Auleria hakurudi nyuma hata hatua. Alisimama palepale juu ya vipande.

"Mwaka wa kwanza nilipofika mlinikalisha benchi la nyuma, nikakaa," akasema. "Mlisema nisikaribishwe majumbani, nikashona magodoro mnayolalia. Wimbo mliutaka, nikawapa. Sasa mnataka wimbo bila mimi. Hapana! Mnitoe nje kama mnataka, lakini mdomo wangu siufungi ili nyie muonekane wanaume."

"Basi haitakwenda hata moja!" akapiga kelele Kornelio. "Hata hiyo tunaivunja!"

Akainama kuiokota ile ya mkekani. Ndipo ulipotokea muujiza wa siku ile. Mwalimu Projestus, mpole yule, mtu wa kutazama vidole, alikuwa amekwisha kuichukua. Ameitia kwenye bahasha yake, ameibana kwapani.

"Wakala anaitaka leo," akasema, sauti imemkauka. "Naipeleka."

"Nani amekuruhusu?"

"Mwalimu wa kwaya ni mimi, Mzee." Akavaa kofia, akanishukuru kwa kahawa, akashika njia ya mjini kwa miguu. Hakugeuka nyuma. Nilipiga kigelegele kingine mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Auleria aliingia chumbani, akafunga mlango, akalia. Sitamfanya jiwe ili hadithi ipendeze. Alilia mpaka macho yakavimba, kwa sababu kanisa lile alilipenda, na alijua watamfanya nini.

Na walimfanya. Jumapili iliyofuata akatangazwa mbele ya watu: ameondolewa kwaya, haruhusiwi kushiriki Meza ya Bwana, akae nyuma, asianzishe wimbo, na asiitikiwe. Neno hilo la mwisho ndilo lililomuuma. Hata akiimba kwa bahati mbaya, mtu asimwitikie. Akakaa nyuma. Jumapili hadi Jumapili akaenda, akakaa nyuma, kinywa kimefungwa. Nikamwambia, "Kwa nini unakwenda kwa watu wale?" Akaniambia, "Siendi kwao."

Sahani ikatoka. Karatasi nyekundu, imeandikwa jina la kwaya tu. Sasa hebu niulize ilipigwa wapi. Uliza haikupigwa wapi! Ilipigwa hoteli ya chai Keko, ilipigwa kwa mafundi cherehani wa Kariakoo, ilipigwa kwenye harusi ya mtoto wa shangazi yangu, Waislamu watupu, watu wanacheza. Wanawake wanatwanga kisamvu, mmoja anaanzisha, "Nimefika mtoni," kinu kizima kinaitikia. Kila siku sauti ya Auleria ilikuwa ikipita juu ya ukuta wa kanisa lililomnyamazisha, na Kornelio, akitoka forodhani, aliisikia njia nzima hadi mlangoni kwake.

Kutoka Bukoba akaja mtu mmoja na kifurushi cha majani ya mgomba. Ndani mna senene waliokaangwa. Wahaya wanawapenda wadudu wale kama sie tunavyopenda kambakochi. Lakini Auleria alipowaona alishika kifua. Akanieleza kwamba kwao wanawake huwaokota na kuwakaanga, ila kula ni kwa wanaume. Mwanamke haruhusiwi. Yule mtu akasema, "Mama yako Kokuberwa alisikia sahani sokoni. Akakaa chini palepale, mbele ya cherehani, hataki kuondoka. Amesema nikuletee hawa, na amesema uwale wewe mwenyewe."

Tuliwala wote, mie na yeye, tumekaa kwenye rundo la sufi. Nilifumba macho nikatafuna. Si wabaya.

Baadaye wazee wakaanza kuaibika, maana wageni walikuwa wakija kanisani kutafuta sauti ya kwenye sahani, wanamkuta Kornelio. Wakamtuma Projestus kwa Auleria: wazee wamekusamehe, utarudi kwaya, sharti moja tu. Upige goti mbele ya watu wote, useme ulikosa ulipovunja ile sahani.

"Nitakuja," akasema Auleria. 

Habari haifichiki Temeke. Jumapili ile nilimsindikiza, na nyuma yangu walikuja wanawake wa mtaani, wenye kanga na wenye buibui, tukasimama nje kwenye madirisha, ambayo hayakuwa na vioo. Ndani kumejaa. Kornelio amesimama mbele, suruali yake kama kawaida. Mkewe Benedicta amekaa benchi la kwanza, mama mnene mwenye haya, sijawahi kusikia sauti yake.

Auleria akaitwa. Akatembea kutoka nyuma hadi mbele. Walikuwa wamemtandikia kijamvi cha kupigia goti. Akakitazama. Akakizunguka, akasimama kando yake, akatugeukia.

"Nina dhambi nyingi, na Mungu nimemtajia zote," akasema. "Ile sahani haimo."

Na kabla Kornelio hajafumbua kinywa, akaanzisha.

"Nimefika mtoni, daraja halipo."

Kimya. Watu wakatazamana, wakatazama miguu. Amri ilikuwa amri. Kwaya yake mwenyewe, watu aliowafundisha neno kwa neno, midomo imebanwa.  Akaanzisha tena, safari hii sauti imekatika kidogo.

"Nimefika mtoni, daraja halipo."

Kimya.

Nikasema na wafe na kimya chao! Nikashika ukingo wa dirisha, mie Chausiku binti Mwinshehe, nikaingiza kichwa ndani ya kanisa, nikaitikia kwa nguvu zangu zote, "Shika mkono wangu, ee, tuvuke!" Na wenzangu nyuma yangu, kanga na buibui, tuliojifunza kwenye sahani ileile, wakaitikia.

Kornelio akanyoosha kidole dirishani. Ndipo Benedicta akainuka. Polepole, ameshikilia benchi, akamtazama mumewe usoni mbele ya watu wote, akaitikia. Sauti nzito, nzuri, kumbe alikuwa nayo muda wote. Akainuka mwingine, na mwingine, mpaka mabati yakatetemeka.

Auleria hakukigusa kile kijamvi. Beti zote alizimaliza amesimama.